Katika Mashine Hizi, Nichague Ipi?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika hafla ya ukumbusho wa chama chetu, Nyamirambo, Kigali

  



Wakubwa wa chama waliponitaka niseme katika siku hii, walinipa ruhusa ya kuchagua jambo nilipendalo. Wengi walidhani nitasimulia khabari za wazee waliotutangulia katika nchi hii, na msikiti wao uliojengwa hapa Nyamirambo mwaka 1913. Khabari hizo ni tamu, lakini wapo wazijuao kuliko mimi, nao wamekwisha kuzisimulia asubuhi. Mimi nimechagua kusimulia swali moja niliulizwa na kijana, kwa kuwa swali lile lilinifunulia aibu iliyokuwamo ndani ya nyumba yetu wenyewe. Nimeona kuwa kitabu cha ukumbusho kikikumbuka sifa zetu peke yake, kitakuwa hakikukumbuka.

Ilikuwa mwaka 2017, baada ya darsa ya Maghribi. Kijana wa miaka kumi na saba, mtoto wa jirani yangu, alingoja mpaka wenziwe wakatoka, ndipo akanijia akaniuliza kwa adabu: "Sheikh, katika mashine zile za kutia sarafu, ziko zenye picha za karata, na ziko zenye picha za matunda. Karata najua kuwa ni haramu. Je, mtu akichagua ya matunda?"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilidhani anafanya mzaha. Nikamwambia kuwa matunda yale sijapata kusikia mtu aliyeyala akashiba. Lakini yeye hakucheka. Akasema: "Ile iliyo katika chumba cha msikiti ni ya matunda, tena ni ya upole, haili sana. Ndiyo niichaguayo mimi."

Nikamwuliza: "Chumba cha msikiti kipi?"

Akanijibu: "Kile cha mwisho, karibu na mahali pa kutawadhia."

Ndugu zangu, nyote mwavijua vyumba vile vitano vinavyotazama barabara. Ni wakfu wa mama mmoja, Mungu amrehemu, aliyetuachia ili kodi yake iwalipe walimu wa chuo na ilipe umeme wa msikiti. Mimi nilikuwa katika kamati ya wakfu. Chumba kile cha mwisho tulikuwa tumempangisha mtu aliyetuambia kuwa atauza vocha za simu na kutengeneza simu zilizoharibika. Kodi yake ni faranga 60,000 kwa mwezi, naye alikuwa akiileta tarehe mosi, asubuhi, kabla hatujamwuliza. Miezi minne alifanya hivyo. Wala hapana mmoja wetu aliyekwenda kutazama, kwa kuwa mpangaji alipaye mapema hana atakayemtazama.

Asubuhi ya pili, saa nne, nilikwenda. Mlangoni palikuwa na pazia. Nilipolifunua niliona mashine tano zimesimama ukutani, na kijana amekaa na kopo la sarafu akiwavunjia watu noti. Palikuwa na mwashi mwenye saruji miguuni, na mwendesha pikipiki aliyetundika kofia yake ya chuma mkononi, na watoto wawili wenye sare za shule. Waliponiona na kanzu yangu mmoja wao alisema, "Sheikh naye amekuja kuchagua," wakacheka wote. Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa ni bawabu wetu, yule alindaye msikiti usiku, ambaye wakati huo alipaswa kuwa kwake amelala.

Sikuondoka. Nilitaka kuona. Wasioziona mashine zile wajue kuwa si zile zitajwazo katika khabari za mahoteli makubwa, zenye mkono wa kuvuta. Hizi ni sanduku la bati lenye kioo, na pembeni ya kioo zimepangwa picha: tufaha, chungwa, tikiti, kengele, nyota, na kadhalika. Chini kuna vifungo, kila kifungo na picha yake. Mchezaji hutia sarafu ya faranga mia, akachagua picha kwa kubonyeza kifungo chake, kisha taa hukimbia kuzunguka zile picha mpaka isimame. Ikisimama juu ya picha aliyoichagua, hupata. Tufaha hutoa kidogo na hutokea mara nyingi. Picha za thamani hutoa nyingi na hutokea mara chache. Wenzetu wa Kinyarwanda wameipa jina, huiita *ikiryabarezi*. Sisi tusemao Kiswahili hatuhitaji mkalimani: ni kilacho walezi. Aliyelitunga jina hilo simjui, ila alikuwa na macho.

Lililonishangaza ni elimu. Naam, elimu, sina neno jingine. Kila mmoja mle ndani alikuwa na mlango wake wa elimu ya kuchagua. Mwashi alikuwa hachagui ila mashine iliyoachwa sasa hivi na mtu aliyekula khasara, kwa dai kuwa imeshiba, na kishibacho sana hutapika. Mwendesha pikipiki aliichagua iliyo mbali na mlango. Wale watoto walikuwa na saa zao. Na bawabu wetu alikuwa akienda toka mashine hii hata hii, akiweka kiganja juu ya bati kama mama amgusavyo mtoto mwenye homa, kwani yeye huchagua iliyo na moto. Nilisema moyoni: watu hawa wangeyasoma mambo ya dini kwa bidii hii, leo tungekuwa na makadhi wanne barabara moja.

Mimi kusoma kwangu ni chuoni na shule ya msingi. Mambo ya mitambo siyajui. Lakini katika jamaa zetu yumo fundi wa kompyuta. Nilimwendea siku mbili, akanieleza na kunisomea, nami nawapa nilichokipokea, kwani nadhani kijana akifahamishwa jinsi kitu kilivyo huweza kukiacha kwa akili yake, na akiambiwa haramu tu pengine huacha mbele yangu na kurudia nyuma yangu.

Asili ya mashine hizi ni Marekani. Mwaka 1891, katika Brooklyn, watu wawili, Sittman na Pitt, walitoa mashine ya magurudumu matano yaliyobandikwa karata. Mtu hutia sarafu, akavuta mkono, magurudumu yakazunguka, na zikitokea karata nzuri mwenye duka humpa kinywaji au sigara. Sasa sikilizeni. Karata kamili ni 52. Katika mashine ile zilitiwa 50. Mbili zilitolewa, kumi ya shupaza na ghulamu wa kopa (majina haya nimetajiwa, msinidhanie jingine), na kwa kukosekana mbili zile, safu iliyo bora kuliko zote ilikuwa ngumu maradufu kuipata. Mchezaji alichagua duka, akachagua saa, akachagua na nguvu ya kuvuta mkono. Zile karata mbili zilikuwa zimekwisha kuchaguliwa kabla hajatoka kwake.

Katika miaka ile ile ya 1890, huko San Francisco, Charles Fey, mtu wa asili ya Ujerumani, akatengeneza ile ya magurudumu matatu iitwayo Liberty Bell, iliyoweza kutoa sarafu yenyewe bila ya mwenye duka. Kutoka hapo zikaenea. Mwaka 1934 mkuu wa mji wa New York, Fiorello La Guardia, alizivunja kwa nyundo mbele ya wapiga picha, kisha zikaenda kutupwa majini. Hakuwa Mwislamu. Hilo nalisema kwa wale wasemao kuwa kuzichukia mashine hizi ni ukali wa mashekhe.

Ubaya mkubwa zaidi ulikuja na kompyuta. Gurudumu la zamani mtu alikuwa akiliona kwa macho. Likiwa na vituo 22, na kituo kimoja ndicho cha bahati, basi magurudumu matatu yana njia 10,648, na moja katika hizo ndiyo yake. Ni mbali, lakini yahesabika. Mwaka 1984 alipewa haki ya uvumbuzi mtu aitwaye Inge Telnaes kwa njia hii: gurudumu lionekanalo libaki na vituo vile vile, ila ndani yake, katika hesabu isiyoonekana, liwe na vituo vingi zaidi. Vikiwa 64, njia zimekuwa 262,144. Jicho laona gurudumu dogo, na hesabu yapigwa juu ya gurudumu kubwa. Tena mwenye kuunda aweza kuvipa hesabu nyingi vile vituo vilivyo jirani na kituo cha bahati, ili kile akitafutacho mtu kipite juu kidogo au chini kidogo, mara kwa mara, naye aseme, "Lo! Ilibaki kidogo." Haikubaki kidogo. Hapakuwa na kidogo. Bahati aliyodhani imempita jirani ilikuwa mbali na yeye kama mwanzo.

Mashine zetu za taa nazo ni kompyuta. Nilimwuliza fundi: huchagua vipi pa kusimama? Akaniambia kuwa ndani ya mashine iliyo sawa hesabu hukimbia bila ya kupumzika, mtu awepo asiwepo, mara nyingi katika nukta moja, na kidole kikigusa kifungo hesabu ya nukta ile hukamatwa. Kwisha. Mambo yote yaliyobaki, mbio za taa, mlio wa kengele, kule kupunguza mwendo polepole ikikaribia nyota yako, ni ngoma tu ipigwayo baada ya harusi kwisha. Wala mashine hiyo haijui kuwa jana ilikula au ilitoa. Haishibi, haina njaa, haina homa. Nikamwuliza: na ile isiyoundwa sawa? Akasema: "Sheikh, ile yenye kumbukumbu humkumbukia aliyeinunua."

Kosa la kudhani kuwa bahati hukumbuka si la mwashi wetu peke yake. Mwaka 1913, katika nyumba ya kamari ya Monte Carlo, kijipira kiliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Kila ilivyozidi kuwa nyeusi, matajiri wa Ulaya walizidi kumwaga fedha zao juu ya nyekundu, kwa dai kuwa nyekundu imechelewa na sasa haina budi kuja. Walikuwa na elimu kubwa na nguo nzuri, na hoja yao ilikuwa ile ile ya bawabu wetu na kiganja chake.

Basi ni nani achaguaye? Mchezaji huchagua rangi, picha, kiti na saa. Mwenye mashine huchagua kitu kimoja, nacho ni kiasi gani katika kila faranga mia kirudi kwa wachezaji. Huweza hata mashine mbili kuwa sawa kwa sura, picha zile zile na nyimbo zile zile, na moja ikarejesha kuliko mwenziwe, wala hapana kiganja kiwezacho kulijua hilo. Katika jimbo la Nevada, huko Marekani, sheria yasema mashine isirejeshe chini ya 75 katika mia. Katika Uingereza hutakiwa kiasi chake kionyeshwe kwa mchezaji. Katika chumba chetu cha wakfu hapakuwa na maandishi yoyote ukutani isipokuwa bei ya soda.

Nitawapigeni hesabu, na walimu wa chuo wanisahihishe. Tuseme mashine ni ya ukarimu sana, yarejesha 90 katika mia. Mtu husema: "Basi nikienda na 10,000 nitarudi na 9,000, si vibaya, nimejifurahisha." Hakufahamu. Tisini ile si ya fedha aliyotoka nayo nyumbani. Ni ya kila mchezo. Aizungushapo 10,000 mara moja hubaki na 9,000 kwa wastani. Akiizungusha 9,000 hubaki 8,100. Kisha 7,290. Kisha 6,561. Mara ya saba amebakiwa na 4,783, na hapo hata chai hajanywa. Nilihesabu kwa saa yangu mle chumbani: mwendesha pikipiki alikuwa akibonyeza mara nane katika dakika moja. Kwa saa nzima ni mara 480. Kwa faranga mia kila mara, ni 48,000 zilizopita mkononi mwake. Sehemu moja katika kumi ya hizo ni 4,800. Hiyo ndiyo kodi ya saa moja kwa mashine iliyo karimu. Yule kijana wa darsa aliponiambia kuwa ile ya matunda haili sana, alikuwa akisema kweli kwa namna fulani. Ilikuwa ikila kidogo kidogo, bila ya kusimama.

Sasa turudi katika dini yetu, kwa maana haya si mageni. Kabla ya Uislamu Waarabu walikuwa na mchezo wao wauita maysir, ambao wafasiri wa Qurani wametueleza namna yake. Ngamia huchinjwa na kugawanywa mafungu. Mishale ni kumi. Saba ina alama za mafungu, tangu al-Fadhdhi wenye fungu moja hata al-Mu'alla wenye saba, na mitatu ni mitupu. Kila mtu alikuwa na mshale wake. Hutiwa katika mfuko, na mwenye kuitoa hufungwa kitambaa mkononi ili asiweze kuujua mshale kwa kuupapasa. Mwenye mshale mtupu hulipa bei ya ngamia. Tazameni: kila mtu na alama yake, na alama nyingine zina mafungu machache, na nyingine mengi, na mkono utoao haumjui mtu. Tofauti ya mchezo ule na sanduku lile la bati ni umeme.

Hapana, ipo tofauti nyingine, nami sitaki kuwadhulumu watu wa Jahiliya. Walioshinda walikuwa hawaili nyama ile. Waliwapa maskini, na wakijifakhari kwa hilo. Katika sura ya pili, aya ya 219, Mwenyezi Mungu ametaja kuwa katika ulevi na kamari mna dhambi kubwa, na mna manufaa kwa watu, na dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Na wafasiri wakataja katika manufaa hayo nyama ile ya maskini. Kisha ikashuka amri ya kuviepuka kabisa, katika sura ya tano, aya ya 90 na ya 91. Basi ikiwa mchezo uliokuwa ukilisha maskini umekatazwa, sembuse huu uwalao?

Iko na mishale ya namna ya pili, ambayo watu walikuwa wakiitazamia ili kuchagua: nisafiri au nisisafiri, nioe au nisioe. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoingia Makka katika mwaka wa nane wa Hijra, alikataa kuingia katika Al-Kaaba mpaka masanamu yatolewe, na katika yaliyotolewa mlikuwa na sura za Nabii Ibrahim na Nabii Ismail zimetiwa mishale ile mkononi. Akawalaani waliozifanya, na akasema kuwa walijua vyema kwamba wawili hao hawakupata kutazamia kwa mishale. Amepokea hayo Bukhari. Na badala ya mishale ametufundisha sala ya istikhara: rakaa mbili, kisha mja amwombe Mola wake amchagulie. Yaani Uislamu haukukataza kuchagua, wala haukumwacha mtu peke yake na mashaka yake. Nalitaja hili kwa sababu yule kijana, nilipomhimiza aniambie yote, aliniambia kuwa usiku mmoja alisali istikhara ajue ni mashine ipi. Sikumcheka mara ya pili. Nilijiuliza ni nani aliyemsomesha istikhara akamwachia kuitumia hivyo, na mwalimu wake ni mimi.

Nilimwambia kuwa tumepokea kwa Abu Huraira kuwa amwambiaye mwenziwe "njoo tucheze kamari" imempasa atoe sadaka. Huyo ni aliyeita tu, hata kama hawakucheza. Kijana akatia mkono mfukoni, akatoa sarafu moja ya faranga mia, akaitazama, akaitia katika sanduku la msikiti.

Kamati ilikutana usiku ule ule, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Msidhani sote tulisema neno moja. Mmoja wetu, mtu wa kheri ambaye yumo humu ukumbini na ameniruhusu kuyasema haya, alisema: "Sisi tumekodisha kuta. Achezaye ndiye mwenye dhambi yake." Mwingine akauliza walimu watalipwa na nini. Hayakuwa maneno ya ujinga. Jibu letu lilikuwa kwamba Mtume, katika ulevi, hakumlaani anywaye peke yake. Amewataja watu kumi, na miongoni mwao yumo aubebaye, na auzaye, na alaye thamani yake. Sisi tulikuwa tumekula thamani kwa miezi minne, na sahihi iliyo chini ya stakabadhi zile nne ni yangu. Hayo sikumtwika mpangaji. Yeye alitudanganya mara moja, siku ya kwanza; siku nyingine zote tulijidanganya wenyewe kwa kutopita.

Lakini lililonyamazisha majadiliano halikuwa hadithi wala aya. Alikuwa ni mke wa bawabu, aliyekuja kusimama mlangoni na mtoto mgongoni. Mumewe alikuwa hajaleta mshahara nyumbani miezi miwili. Tulipouliza tukaona jambo lilivyokuwa. Mshahara tuliokuwa tukimpa kwa kulinda usiku alikuwa akiutia mchana katika chumba chetu. Sehemu yake ilikwenda kwa mwenye mashine, na sehemu ikaturudia sisi tarehe mosi kwa jina la kodi, nasi tukamlipa kwayo mwalimu amsomeshe mwanawe juzuu ya Amma. Na mtoto yule alikuwa akija chuoni bila ya kula.

Mpangaji tulimpa notisi, akaondoa mashine zake kwa lori siku ya tatu, bila ya ugomvi. Bila shaka alikuwa na chumba kingine tayari. Fedha za miezi minne, faranga 240,000, zilikuwa zimekwisha kutumika, basi tukachangishana tukazirudisha. Fungu langu nililitoa kwa miezi mitatu. Kisha tukafuata walivyoeleza wanavyuoni, na Imam Ghazali amelieleza jambo hili kwa urefu katika Ihya, kuwa mali ya haramu isiyowezekana kurudishwa kwa wenyewe hutolewa kwa mafakiri au kwa manufaa ya watu wote, na mtoaji asijihesabie thawabu ya sadaka. Tulilitengeneza daraja la miguu juu ya mtaro. Mwalipita kila siku. Hatukuweka jiwe la jina juu yake, na sasa mwajua sababu.

Bawabu yungali nasi. Mshahara wake tulikubaliana naye kuwa uchukuliwe na mkewe, nusu tarehe mosi na nusu tarehe kumi na tano. Mwaka wa kwanza alikwenda kucheza mahali pengine mara mbili nizijuazo mimi. Baada ya hapo sikusikia tena, wala simpelelezi.

Limebaki jambo moja ambalo sikulitaja mwanzo kwa kuona haya. Chumba kile, kabla ya mtu wa mashine, kilikuwa na mama mmoja mjane aliyeuza vitenge. Alikuwa akichelewesha kodi. Akileta 40,000 leo na 20,000 wiki ijayo, na mara mbili alituomba tumngoje mpaka baada ya Idi. Kamati ilichoka naye ikamtaka ahame, kwa kuwa palikuwa na mpangaji bora aliyekuwa tayari kulipa mbele. Mimi nilikuwa mmoja wa walioinua mkono. Katika kuchagua kote nilikokusimulieni, kwa viganja na kwa saa na kwa mishale, huko ndiko kuchagua kwangu mimi.

Alihamia kwa dada yake, nje ya mji. Mashine zilipoondoka nilikwenda mwenyewe kumwambia kuwa chumba ki tupu, na kuwa tutamngoja katika kodi hata akichelewa. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai, akaniuliza khabari za watu wa nyumbani. Kuhusu chumba akasema atafikiri. Kwa mwaka mzima tulikiacha wazi. Sasa mna fundi cherehani wawili, na mmoja wao huchelewesha kodi.